Jack Kirby: Mchoraji aliyelipwa kwa ukurasa, na bustani mbili zinazogawana mashujaa wake

Begi la shule lenye picha ya jitu la kijani. Fulana ya mtumba yenye ngao ya duara na nyota katikati. Kibanda umiza kinachoonyesha filamu ya Avengers huku sauti ya mtafsiri ikifunika sauti ya wahusika. Hapa Mollo na Sumbawanga mjini vitu hivi tunaviona kila wiki, na watoto wanawataja Hulk, Thor na Captain America kama wanavyotaja wachezaji wa Simba na Yanga. Jina la mtu aliyewachora kwa mara ya kwanza ndilo wachache wanalolijua. Anaitwa Jack Kirby, Mmarekani aliyefariki mwaka 1994.

Tumeamua kuandika maisha yake kwa sababu mashujaa hao leo wamegawanywa kati ya kampuni mbili kubwa za burudani, Disney na Universal, zenye bustani zinazoshindana katika mji mmoja wa Orlando, jimbo la Florida. Mkataba ulioleta mgawanyo huo ulisainiwa wiki sita tu baada ya Kirby kuzikwa. Yeye hakuwa na fungu ndani yake.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kusikia habari za bustani hizi, tueleze kidogo. Aliyefika viwanja vya John Mwakangale kule Mbeya wakati wa Nanenane ameona watoto wakilipia bembea. Sasa fikiria eneo la bembea za namna hiyo lenye ukubwa wa mji, lina treni zinazopanda juu na kushuka kwa kasi ya kutisha, majumba ya maonyesho, hoteli na maduka, na watu wanasafiri kwa ndege kutoka nchi nyingine kwenda kulipia kiingilio. Kinachowavuta si chuma kile kinachozunguka. Treni bila sura ni treni tu. Ipake rangi ya kijani, uiite Hulk, na familia nzima itapanga foleni. Ndiyo maana kampuni hulipana fedha nyingi kwa ajili ya haki ya kutumia mhusika aliyechorwa na mtu mmoja kwa penseli.

Kirby alizaliwa Agosti 28, 1917 katika mtaa wa maskini wa Lower East Side, jijini New York. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Jacob Kurtzberg. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Austria, na baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha nguo. Mtaa ule ulikuwa wa vijana kupigana, mtaa mmoja dhidi ya mwingine, na wanaopenda kazi zake husema ngumi nyingi katika michoro yake zimetoka pale. Kuchora alijifunza mwenyewe kwa sehemu kubwa, kwa kunakili katuni za magazetini.

Akiwa kijana alipata kazi katika studio ya Fleischer, iliyotengeneza filamu za katuni za Popeye. Kazi yake ilikuwa kujaza picha za katikati: mhusika anainua mguu, mwingine amechora mwanzo na mwisho wa hatua, wewe unachora zilizobaki. Hakuipenda. Aliona ni kama kiwanda alichofanyia kazi baba yake. Akahamia kwenye vitabu vya katuni, biashara iliyokuwa changa wakati huo, na huko akakutana na Joe Simon, mwandishi na mchoraji aliyeijua vizuri upande wa fedha.

Hawa wawili ndio waliomtoa Captain America. Toleo la kwanza liliingia madukani Desemba 1940, mwaka mzima kabla Marekani haijaingia vitani, na jalada lake lilimwonyesha shujaa huyo akimpiga Hitler ngumi ya taya. Nakala zilizouzwa zilikaribia milioni moja. Mchapishaji, Martin Goodman, alikuwa amewaahidi sehemu ya faida, lakini Simon na Kirby walipoona wanachopewa hakilingani na mauzo, waliondoka kwenda kampuni shindani, ile ambayo leo inaitwa DC. Captain America alibaki kwa Goodman. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Kirby kuacha mtoto wake nyuma, na haikuwa ya mwisho.

Mwaka 1942 alimwoa Rosalind, aliyejulikana kama Roz, na mwaka uliofuata akaitwa jeshini. Agosti 1944 alishuka Normandy, Ufaransa, miezi miwili na zaidi baada ya uvamizi wa kwanza, akiwa askari wa miguu katika jeshi la Jenerali Patton. Baridi ya Ulaya iliiumiza miguu yake vibaya akalazwa hospitali, na mwaka 1945 aliruhusiwa kurudi nyumbani. Baada ya vita yeye na Simon walianzisha vitabu vya katuni vya mapenzi, Young Romance, mwaka 1947. Safari hii walikubaliana mapema na mchapishaji kugawana faida, na waliishi vizuri kwa miaka kadhaa. Tunalitaja hili kwa sababu wapo wanaomsimulia Kirby kama mtu asiyejua biashara. Palipokuwa na mkataba wa kugawana, alivuna.

Katikati ya miaka ya 1950 mambo yakaharibika. Wazazi na wanasiasa wa Marekani walivishutumu vitabu vya katuni kuwa vinaharibu watoto, kamati ya Seneti ikavichunguza mwaka 1954, na wachapishaji wengi wakafunga. Simon na Kirby wakaachana kikazi. Kirby akiwa na mke na watoto wa kulisha, alirudi mwaka 1958 kwa yule yule Goodman, ambaye kampuni yake muda si mrefu ingeitwa Marvel. Mhariri alikuwa Stan Lee, ndugu wa mke wa Goodman kwa ukoo.

Hapa ndipo tunaomba msomaji atulie, kwa sababu kesi yote ya baadaye inatokana na miaka hii.

Kirby hakuwa mwajiriwa wa Marvel. Alifanya kazi nyumbani kwake, katika chumba kidogo cha chini huko Long Island, sigara kubwa mdomoni, mara nyingi hadi alfajiri. Alinunua karatasi na penseli kwa fedha zake. Hakuwa na mshahara wa mwezi wala pensheni. Alilipwa kwa ukurasa, kama kibarua wa shamba la mahindi hapa Ufipa anavyolipwa kwa ngwe: umemaliza ngwe, unapewa chako, na mavuno ni ya mwenye shamba. Tofauti ni kwamba kibarua wetu hakuja na mbegu yake mwenyewe.

Na mbegu alizokuja nazo! Mwaka 1961 yeye na Lee walitoa Fantastic Four. Mwaka 1962 wakafuata Hulk na Thor. Mwaka 1963 X-Men na Avengers. Baadaye wakaja Silver Surfer na jitu Galactus. Mwaka 1966, miaka mitano baada ya Uhuru wa Tanganyika, katika Fantastic Four toleo la 52, akatokea Black Panther, mfalme wa nchi ya Afrika iitwayo Wakanda yenye teknolojia kuliko Marekani yenyewe. Kwa Mmarekani wa wakati ule, aliyezoea kuona Mwafrika akichorwa amebeba mizigo ya mzungu, mfalme yule alikuwa kitu kipya kabisa. Kuna miaka ya mwanzo ya 1960 ambayo Kirby alichora zaidi ya kurasa 1,000 kwa mwaka, karibu kurasa 3 kila siku, Jumapili ikiwamo.

Nani alibuni nini kati yake na Lee ni ugomvi ambao haujaisha. Utaratibu wa Marvel ulikuwa Lee kutoa wazo kwa mazungumzo au maandishi mafupi, Kirby kwenda kuichora hadithi nzima, na Lee kujaza maneno kwenye picha zilizokwisha chorwa. Lee naye alikuwa mtu wa redio kwa tabia hata kama hakuwa mtangazaji: mcheshi, mzungumzaji, anayependwa na waandishi wa habari. Kirby alikuwa mtu wa mezani. Sisi tulio katika kazi ya kusema tunajua jinsi sifa zinavyomwendea mwenye kipaza sauti. Kwa maoni yetu, mtu anayepokea wazo la sentensi chache akarudisha kurasa 20 zenye watu, miji na sayari ambazo hazikuwapo ni mbunifu, si fundi wa kutekeleza.

Spider-Man tumtenge. Huyo ni wa Lee na mchoraji mwingine, Steve Ditko, ingawa Kirby ndiye aliyechora jalada la toleo lake la kwanza.

Kuhusu hakimiliki, Kirby mwenyewe alifunga baadhi ya milango. Joe Simon alipofungua madai mwaka 1966 kutaka Captain America awe wake, Kirby alisimama upande wa kampuni dhidi ya rafiki yake wa zamani. Na mwaka 1972 alisaini waraka wa kukabidhi kwa Marvel haki zozote alizokuwa nazo katika kazi za nyuma. Wakati huo alikuwa amekwisha ondoka. Mwaka 1970 alichoka kuahidiwa, akahamia DC na kubuni ulimwengu mwingine mzima wenye mtawala katili Darkseid. Alirudi tena Marvel mwaka 1975, akachora The Eternals na kitabu cha Black Panther, kisha mwaka 1978 akaondoka moja kwa moja kwenda kwenye filamu za katuni za televisheni huko California. Kule, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, alipata malipo ya heshima na bima ya matibabu.

Kuna jambo katika miaka hiyo ambalo wengi hulijua kupitia filamu ya Argo ya mwaka 2012 bila kujua linamhusu Kirby. Mwaka 1979 mfanyabiashara Barry Geller alipanga kujenga bustani ya burudani huko Aurora, jimbo la Colorado, iitwayo Science Fiction Land, sambamba na filamu iliyotokana na riwaya ya Lord of Light ya Roger Zelazny. Alimwajiri Kirby kuchora majengo na mandhari. Kirby akachora mahekalu makubwa ya ajabu, mashine na malango, michoro ambayo leo inahesabiwa kuwa miongoni mwa bora alizowahi kufanya. Mradi ukavunjika kabla ya tofali la kwanza, katikati ya mashtaka ya udanganyifu dhidi ya baadhi ya wahusika wake. Michoro ikaangukia mikononi mwa shirika la ujasusi la Marekani, CIA, ambalo lilitengeneza kampuni bandia ya filamu ili kuwatoa Tehran wanadiplomasia 6 wa Marekani waliokuwa wamejificha kwa Wakanada. Januari 1980 wakatoka, wakijifanya watu wa sinema. Kirby hakuambiwa. Bustani pekee aliyoichora kwa mkono wake haikujengwa; zile zilizojengwa baadaye kwa mashujaa wake hakuulizwa lolote.

Miaka ya 1980 ilikuwa ya ugomvi wa karatasi zenyewe, maana kurasa halisi alizochora zilikuwa bado kwenye maghala ya Marvel. Wachoraji wengine walirudishiwa za kwao kwa kusaini fomu fupi. Yeye alitumiwa waraka mrefu wa masharti, na mwanzoni akaahidiwa kurasa 88 kutoka katika maelfu aliyochora. Wachoraji na wasomaji walipiga kelele, magazeti yakaandika, na mwaka 1987 alirudishiwa karibu kurasa 2,000. Nyingine zilikuwa zimeshapotea au kuibwa. Alifariki nyumbani kwake Thousand Oaks, California, Februari 6, 1994, akiwa na miaka 76.

Machi 22 mwaka huo huo, Marvel ilisaini mkataba na kampuni ya MCA, mmiliki wa Universal wakati huo. Universal ilipewa leseni ya kutumia mashujaa wa Marvel katika bustani zake, na haina tarehe ya mwisho maadamu inalipa na kutunza viwango vilivyokubaliwa. Pia ilipewa ulinzi dhidi ya washindani, na ulinzi huo ulipimwa kwa mto. Mashariki ya mto Mississippi, bustani nyingine yoyote hairuhusiwi kumtumia mhusika ambaye Universal inamtumia, wala wenzake wa kundi moja naye. Magharibi ya mto, Marvel inaweza kumpa mwingine. Ni sawa na kuambiwa shujaa fulani ruksa kuonekana Sumbawanga na Mpanda, lakini akivuka Ziwa Rukwa kwenda Chunya ni kosa.

Mwaka 1999 Universal ilifungua kisiwa cha mashujaa wa Marvel ndani ya bustani yake ya Islands of Adventure, Orlando. Kuna treni ya Hulk. Kuna mnara wa Doctor Doom, adui mkubwa wa Fantastic Four, ambaye naye ni wa Kirby na Lee. Kuna pia bembea ya Storm wa X-Men, ambaye katika hadithi mama yake ni Mkenya, ingawa huyo alibuniwa na wengine mwaka 1975 baada ya Kirby kuwaanzishia kundi.

Kisha mwaka 2009 Disney ikainunua Marvel yenyewe kwa karibu dola bilioni 4. Hapo ndipo jambo likawa la kuchekesha, kama huna hisa humo. Disney ikawa mwenye mali, Hulk ni wake, Captain America ni wake, filamu zao zinaingiza mabilioni, lakini katika bustani zake kubwa kuliko zote, hapo hapo Orlando, mkataba wa 1994 unamzuia kuwawekea hata bembea moja. Jirani yake na mshindani wake ndiye anayo leseni. Hata jina la Marvel hawezi kulibandika kwenye bembea upande huo wa mto.

Disney ikatafuta upenyo. California, magharibi ya Mississippi, ilifungua eneo la Avengers mwaka 2021. Florida ikachagua Guardians of the Galaxy, kundi ambalo Universal haikuwa imelitumia, na Mei 2022 ikafungua treni yao katika bustani ya Epcot. Lakini humo pia Kirby yumo. Groot, yule mti unaotembea, alichorwa na yeye mara ya kwanza mwaka 1960 kama jitu la kutisha. Na jitu la anga ambalo treni hiyo inamkimbiza ni mmoja wa Celestials, aliowabuni mwaka 1976 katika The Eternals. Kwa hiyo mtalii wa Orlando anaweza kulipa kiingilio asubuhi kwa kampuni moja na jioni kwa mshindani wake, na pote akakutana na penseli ya mtu yule yule.

Ndugu zetu walioko Dubai hawana haja ya kufika Amerika. Bustani ya IMG Worlds of Adventure, iliyofunguliwa Agosti 2016, ina eneo zima la Marvel kwa leseni, lenye Hulk na Thor. Jirani yake Abu Dhabi, Warner Bros. World iliyofunguliwa 2018 inatumia mashujaa wa DC, kampuni ambayo Kirby aliifanyia kazi zaidi ya mara moja. Mei 2025 Disney nayo ilitangaza kuwa italeta bustani yake katika kisiwa hicho hicho cha Yas.

Watoto wanne wa Kirby hawakukaa kimya. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976 inampa mtunzi wa kazi za zamani, au warithi wake, nafasi ya kuzirudisha haki alizouza, miaka 56 tangu kazi ipate hakimiliki. Septemba 2009, wiki chache baada ya Disney kutangaza ununuzi, walipeleka notisi 45 kwa Marvel, Disney, Universal na wengine, wakisema wakati ukifika Fantastic Four, Hulk, Thor, X-Men na Avengers zirudi kwa familia. Sheria hiyo ina kasoro moja kwa mdai: haihusu kazi iliyofanywa kwa kuagizwa na kwa gharama ya mwajiri. Marvel ikaenda mahakamani kusema hivyo hasa, kwamba Kirby alichora kwa maagizo na alilipwa kila ukurasa hata kama kitabu kingekosa wanunuzi. Familia ikajibu kwamba alinunua karatasi zake, hakuwa na ajira, na angeweza kukataliwa kurasa bila kulipwa.

Mwaka 2011 mahakama ya New York iliamua kwa Marvel, na Agosti 2013 mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo. Wengi walidhani yamekwisha. Familia ikapeleka ombi Mahakama ya Juu, na vyama vya watunzi na wataalamu wa sheria wakaandika kuiunga mkono, kwa kuwa hukumu ile iligusa kila mchoraji, mpiga picha na mwanamuziki aliyewahi kulipwa kwa kazi moja moja. Siku chache kabla majaji hawajakaa kuamua kama wataisikiliza, Septemba 26, 2014, pande mbili zilitangaza kuwa zimepatana. Kiasi kilichotolewa ni siri hadi leo. Tunavyoona sisi, kampuni yenye hukumu mbili mkononi hailipi siku za mwisho kama haiogopi ya tatu.

Kwetu hapa sheria ni nyingine, ile ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ofisi ni COSOTA. Lakini kijana wa Mollo anayeuza biti zake kwa studio kwa elfu kadhaa, au anayechora nembo ya duka na kupewa posho mkononi, yuko mahali alipokuwa Kirby mwaka 1961, isipokuwa hajui kama anachokiuza ni Hulk au ni karatasi tu. Kirby naye hakujua.

Baada ya mapatano ya 2014, jina la Kirby lilianza kuonekana waziwazi kwenye vitabu vya Marvel kama mbunifu. Filamu ya Black Panther ya mwaka 2018 ilimtaja pamoja na Lee. Kabla yake, Julai 2017, Disney iliwatunuku wote wawili heshima yake kubwa kwa watu waliochangia kampuni. Stan Lee, akiwa na miaka 94, alipanda jukwaani mwenyewe kupokea. Ya Kirby ilipokewa na mwanawe. Sherehe ilifanyika Anaheim, California, magharibi ya Mississippi.